Mbona doa la Januari si doa la Mei: solventi, pleti ya TLC na hewa ya Lamu

Mpwa wangu hupaka maharusi hina, yuko Langoni hapa hapa Lamu, na kuna siku alinijia na vipakiti viwili vya unga na swali moja, "Mjomba, hiki kimeandikwa hina nyeusi asilia, kwani hina huwa nyeusi?" Swali zuri. Majani ya mhina rangi yake inatokana na kitu kinaitwa lawsoni, na lawsoni inakupa rangi ya chungwa ikielekea wekundu wa kahawia, nyeusi tii haitoi hata ukilala nayo hadi asubuhi. Ile nyeusi ndo piko, na piko mara nyingi ni dawa ya nywele tu ambayo ndani yake mna PPD, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 na ngozini hairuhusiwi kabisa, maana kuna watu ikiwagusa ngozi inatoka malengelenge. Mimi ni fundi tu wa maabara ya shule, lakini pleti za unga wa silika ninazo, solventi mbili tatu, yaani vimiminika vya kuyeyushia, ninazo, nikamwambia niachie nizitenganishe rangi zake kwa TLC.

Pleti ya kwanza niliifanya Januari, kaskazi inavuma, ikatoka safi, nikaipiga picha nikaandika vipimo vyangu kwenye daftari. Mei nikarudia, mchanganyiko ule ule, pleti za pakiti ile ile, chupa ile ile, nje mvua ya masika inanyesha, na madoa yote yamepanda juu kuliko ya Januari, yale mawili yaliyokuwa yameachana yamekaribiana karibu kugusana. Nikadhani nimekosea kupima solventi. Nikarudia. Yale yale. Ndo hapo nikakaa chini nikaanza kusoma upya kitu ambacho nilidhani nakijua, na haya ninayoandika ni yale niliyoyapata, kwa sababu watu wengi wakifundishwa TLC wanaambiwa chukua heksani na ethili asetati, simamisha pleti, basi, halafu pleti ikigoma hawajui wamshike nani.

Kwa yule ambaye hajawahi kuiona: TLC ni njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa pleti, yaani kibati chembamba cha alumini au kioo kilichopakwa unga wa silika, tabaka la kama milimita 0.2 hivi. Unachora mstari wa penseli sentimita 1 kutoka chini, unaweka vidoa vya sampuli kwa mrija mwembamba wa kioo, unasimamisha kibati kwenye chupa yenye solventi kidogo chini, solventi inapanda yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kandili, na ikipanda inabeba vitu, kila kitu na mwendo wake. Umbali doa lilikofika gawanya kwa umbali solventi ilikofika, hiyo ndo Rf, haipiti 1. Penseli nimesema, si biki, mimi mwaka wangu wa kwanza nilichora kwa biki nikashangilia doa la buluu ambalo lilikuwa ni wino wangu mwenyewe. Na solventi isiufikie ule mstari, ikiufikia sampuli inayeyukia kwenye chupa badala ya kupanda.

Wazo lenyewe ni la zamani, Mrusi Mikhail Tsvet alitenganisha rangi za majani kwenye bomba la chaki mwanzoni mwa karne ya 20, Izmailov na Shraiber kule Kharkiv wakalitandaza kwenye tabaka mwaka 1938, halafu Mjerumani Egon Stahl miaka ya 1950 akaweka utaratibu ambao dunia nzima ikaufuata. Stahl alichanganya silika na jasi ili ishike kwenye kioo, na kwa mtu aliyekulia nyumba za zidaka na kuta za chokaa hilo halishangazi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kiini. Uso wa silika umejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni, na mimi huuwaza kama baraza la nyumba zetu, kuna nafasi kadhaa za kukaa na si zaidi. Molekuli ya sampuli ikipita inataka kukaa. Ile yenye polariti kubwa, yaani yenye vichwa vya oksijeni au naitrojeni, inapenda baraza sana, inakaa haisimami, doa lake linabaki chini. Ile ya mafuta mafuta kama karoteni haina haja na baraza, inapita moja kwa moja na solventi hadi juu. Ndo maana ukisaga mchicha, ukautoa rangi kwa asetoni, ukaupandisha kwenye silika kwa heksani na asetoni, njano ya karoteni inakimbia juu kabisa, halafu klorofili a, chini yake klorofili b, halafu zile njano zenye oksijeni zinafuatia chini. Fanya hiyo kwanza kabla hujagusa kitu kingine, bei yake ni fungu la mchicha na inakufundisha mengi kuliko ninavyoandika hapa.

Na solventi nayo si mpita njia tu, na solventi inataka kukaa. Heksani haitaki, ethili asetati inataka, methanoli inataka sana, maji ndo usiseme. Solventi ikitaka kukaa inaisukuma sampuli iondoke, sampuli ikiondoka inapanda. Hiyo ndo maana ya solventi kuwa na nguvu. Kuna kipimo cha mwanakemia Snyder watu wanakitumia kwa hesabu za haraka, heksani ni 0.1, etha 2.8, dikloromethani 3.1, ethili asetati 4.4, asetoni na methanoli 5.1, maji 10.2, na mchanganyiko unapigwa kwa ujazo, kwa hiyo heksani 7 kwa ethili asetati 3 inakupa kama 1.4. Lakini usiiamini hesabu hiyo kama msahafu, kwenye silika yale matone ya kwanza ya kitu chenye polariti yanafanya kazi kubwa mno, ukitoka asilimia 0 ya ethili asetati kwenda 5 madoa yanaruka, ukitoka 50 kwenda 55 huoni tofauti ya maana. Wanakaa wachache barazani na mambo yamebadilika.

Unataka doa lako likae wapi? Wengi wanasema kati ya 0.2 na 0.8, ni sawa kwa kuona, ila kama unatenganisha vitu viwili vinavyofanana lenga theluthi. Hiyo theluthi haikuokotwa njiani, utenganisho unategemea mzizi wa Rf mara jibu la 1 toa Rf, piga hiyo hesabu utaona kilele kiko kwenye theluthi kamili, kama 0.33. Juu sana vitu vyote vinakimbia pamoja, chini sana vyote vimekaa pamoja.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na nilikwama na mimi. Madoa mawili yako kwenye theluthi, vizuri, lakini yamegandana. Mtu anaongeza ethili asetati, yanapanda yote mawili yakiwa yamegandana. Anapunguza, yanashuka yamegandana. Anashinda siku nzima anapandisha na kushusha kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Shida yake si nguvu, shida ni aina. Vitu viwili vinaweza kupenda baraza sawasawa lakini vikawa na tabia tofauti kwa wageni tofauti, kimoja kinavutwa na solventi inayotoa hidrojeni, kingine na ile inayopokea. Kwa hiyo unabadilisha solventi yenyewe huku nguvu ukiiacha pale pale. Ile 1.4 ya heksani na ethili asetati 7 kwa 3 unaipata pia kwa heksani 57 na dikloromethani 43, au heksani 52 na etha 48, au heksani 74 na asetoni 26. Pleti nne fupi za sentimita 5, saa moja kazi imekwisha, na mara nyingi moja kati ya hizo nne inayaachanisha yale madoa yaliyokushinda tangu asubuhi. Mhungari Nyiredy alilipanga jambo hili miaka ya 1980 akaliita PRISMA, kwanza tafuta nguvu, halafu cheza na aina, usivichanganye viwili kwa wakati mmoja. Kama huna hata pleti za kuchezea, weka vidoa kadhaa mbalimbali kwenye kipande kimoja, kila kidoa kiguse katikati na mrija wenye solventi tofauti, solventi inasambaa duara na sampuli inasambaa nayo au inabaki katikati, dakika moja ushajua ipi ina nguvu ya kutosha na ipi haina.

Sasa turudi kwenye vile vipakiti, maana hapo kuna fundo ambalo nalipenda. Lawsoni ni asidi, na si asidi ya mchezo, inaipita kidogo hata asidi ya kwenye siki. Kwenye silika na solventi ya kawaida inaburuta mkia mrefu kama wa taa, kwa sababu nusu yake imeachia hidrojeni na nusu haijaachia na kila nusu inakwenda mwendo wake. Dawa yake ni matone ya asidi ya asetiki kwenye mchanganyiko, asilimia 1 yatosha, yote inabaki umbo moja na doa linakuwa duara. PPD nayo ni amini, jamii ya amonia, kinyume chake, silika ina uasidi wake inaing'ang'ania, mkia tena. Dawa yake ni amonia au trietilamini. Umeona tatizo? Ukitia amonia kuinyoosha PPD, lawsoni yote inageuka chumvi na inabaki pale pale chini kwenye mstari wa penseli, haitoki. Ukitia asidi kuinyoosha lawsoni, PPD ndo inabaki. Nilihangaika wiki nzima natafuta mchanganyiko mmoja utakaowaridhisha wote wawili, wallahi wiki nzima, mpaka nikakubali kwamba hakuna sababu ya kuwapandisha pleti moja. Pleti ya kwanza toluini na ethili asetati na asidi kidogo, naangalia lawsoni. Pleti ya pili ethili asetati, methanoli na amonia kali 85 kwa 10 kwa 5, mchanganyiko unaojulikana sana kwa dawa za jamii ya amini, naangalia PPD. Pleti mbili, nusu saa.

Kuhusu mwendo. Solventi haipandi kwa kasi moja, inaanza mbio halafu inachoka. Nguvu inayoivuta iko pale pale kwenye vijitundu vya silika lakini njia nyuma yake inarefuka na msuguano unaongezeka, kwa hiyo umbali ukiupiga mraba ndo unaendana na muda. Kama sentimita 4 zimechukua dakika 5, usitegemee 8 kwa dakika 10, ni dakika 20. Na wakati inachechemea hivyo madoa yanazidi kutanuka, ndo maana pleti ndefu si lazima iwe bora, zile za unga laini zaidi watu wanakatisha sentimita 6 au 7 na wanapata picha safi kuliko ya sentimita 15. Uzito wa solventi, yaani ule wa kugoma kutiririka kama asali, si wa mizani, nao unahesabika, heksani na asetoni ni nyepesi zinapaa, isopropanoli ni nzito karibu mara nane ya heksani, butanoli nzito kuliko hiyo, kwa hiyo mtu anayepandisha asidi za amino kwa butanoli na asidi ya asetiki na maji aende akasali adhuhuri, akapike, akarudi. Kuna Wahungari wengine mwaka 1979 waliona wasiisubiri, wakaifunika pleti kwa shinikizo na kuisukuma solventi kwa pampu, mwendo ukawa sawa mwanzo hadi mwisho. Sisi hatuna pampu, tuna subira.

Badala ya pleti ndefu, mimi napandisha mara nyingi. Tumia solventi dhaifu, pandisha, kausha kabisa, pandisha tena kwa solventi ile ile. Chukua vitu viwili vyenye Rf 0.10 na 0.13, pengo la 0.03 jicho halilioni, vipandishe mara tano vinafika 0.41 na 0.50. Hesabu yake ni rahisi, 1 toa Rf, ipige yenyewe kwa yenyewe mara tano, toa kwenye 1. Ila kausha kweli kweli, solventi ikibaki kwenye silika pandisho la pili linaharibika.

Halafu chupa. Watu wanaidharau chupa. Ukimimina solventi na kusimamisha pleti papo hapo, hewa ya ndani bado haijashiba mvuke, kwa hiyo solventi inapanda na huku inakauka kutoka kwenye pleti, inabidi ipite nyingi zaidi ili ifike juu, Rf zinapanda kwa uongo. Pembeni inakauka zaidi kuliko katikati, ndo maana doa lile lile ukiliweka vidoa vitano kwa safu yale ya pembeni yanakaa juu na ya katikati chini, kama mashua iliyopinda. Weka karatasi ya chujio ukutani mwa chupa, ilowe, funga mfuniko, subiri dakika 20. Na kwa joto letu hapa usichanganye solventi asubuhi ukaitumia jioni, etha inachemka kwa nyuzi 35 na dikloromethani kwa 40, kuna siku za Machi hapa Lamu etha iko chupani inakutazama tu, kila ukifungua mfuniko ile nyepesi inakimbia na uwiano wako wa 52 kwa 48 si 52 kwa 48 tena. Amonia ndo zaidi. Mimi kiangazi etha naiacha kabisa, na nyingi kati ya hizi zinawaka, usiniletee jiko la mkaa karibu.

Kuna na kitu kingine cha ajabu, ukichanganya solventi mbili zinazotofautiana sana, tuseme heksani na methanoli kidogo, silika inaidaka ile yenye polariti njiani na iliyobaki inaendelea peke yake, kwa hiyo pleti inakuwa na mistari miwili ya mbele, wa juu na wa chini yake. Vitu vinarundikana kwenye ule mstari wa chini vimejipanga vizuri mno, unadhani umepata doa moja safi kumbe ni msongamano. Ukiona doa limekaa bapa kama limepigwa rula, shuku.

Basi tumefika kwenye Januari na Mei. Ni maji. Hewa yetu ya pwani unyevu wake mara nyingi unapita asilimia 70, na silika inakunywa maji ya hewani bila kuombwa. Yale maji ndo wageni waliofika barazani tangu alfajiri, sampuli inafika inakuta nafasi zimejaa, haikai, inapanda. Kaskazi wageni wanapungua kidogo, masika wanajaa. Vitabu vinasema choma pleti kwenye oveni nyuzi 110 nusu saa, nilichoma, na haikusaidia kitu, kwa sababu ukiitoa oveni na ukakaa dakika kumi unaweka vidoa mezani dirisha liko wazi upande wa bahari, ishakunywa upya.

Kwa hiyo nimeacha kupigana na maji, nayapangia idadi. Maji ya chumvi yaliyoshiba, yaani chumvi imebaki chini haiyeyuki tena, ukiyafungia kwenye ndoo yenye mfuniko hewa ya ndani inakaa asilimia 75, mvua inyeshe jua liwake. Maabara kubwa zinatumia kloridi ya magnesi ambayo inakaa asilimia 33 na ndo bora, silika inabaki na makali. Ukipita Gongoni kule juu ya Malindi kwenye mashamba ya chumvi, yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda yana magnesi tele, ila yana na mengine ndani kwa hiyo hayafai kwa kazi hii, nunua ya dukani ukipata. Mimi sikupata, nikatumia chumvi ya jikoni. Naweka vidoa, pleti inaingia kwenye ndoo juu ya kikombe cha maji ya chumvi dakika 30, inatoka moja kwa moja hadi chupani. Silika yangu imelainika, kweli, kwa hiyo solventi nikaipunguza nguvu mpaka madoa yakarudi theluthi. Tangu hapo pleti ya kaskazi na ya kusi ukiziweka pamoja huzitofautishi.

Kile kipakiti cha nyeusi? Nilikipandisha sambamba na dawa ya nywele ambayo boksi lake limeandikwa PPD wazi wazi, kidoa cha dawa, kidoa cha kipakiti, na kidoa cha tatu vyote viwili juu kwa juu, maana Rf kufanana peke yake si ushahidi, lakini vikichanganywa vikapanda kama doa moja, na solventi ya aina nyingine ikasema vivyo hivyo, hapo unaweza kuongea. Vilipanda kama doa moja mara zote mbili, na vikiachwa hewani vikageuka kahawia pamoja. Pleti ya asidi, ile ya kutafuta lawsoni, ilikuwa na doa la chungwa kwa kipakiti cha pili tu, hiki cheusi palikuwa patupu. Mpwa wangu aliitazama muda mrefu, akaniuliza sasa kile cha pili ambacho kina lawsoni mbona kuna na kivuli kingine cha kijani. Nikamwambia hicho ni klorofili ya majani, mama, hicho ndo kinaonyesha kuwa kuna jani ndani.